88 au 87.92?

Mpwa wangu yuko darasa la saba. Jumapili moja jioni alinijia mezani na mfuniko wa sufuria, rula na uzi wa kushonea. Swali lilikuwa lile lile tulilolifanya sote: duara lina kipenyo cha sm 28, tafuta mzingo wake. Kitabu chake kilimwambia atumie 22/7, akapata 88. Kitabu cha mazoezi alichoazima kwa rafiki yake kilimwambia atumie 3.14, akapata 87.92. Hakuridhika. Akapekua kabati la vyombo mpaka akapata mfuniko wenye kipenyo cha sm 28, akauzungushia uzi, akaulaza uzi juu ya rula. Karibu 88. Akiuvuta unazidi, akiulegeza unapungua.

"Mjomba, jibu lipi la kweli?"

Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi enzi zangu. Yote sawa, wewe angalia tu swali linataka utumie ipi.

"Hayawezi kuwa sawa yote mawili," akasema. "Yamepishana."

Akarudisha mfuniko jikoni. Mimi nikabaki na daftari lake.

Hiyo ilikuwa zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Tangu siku hiyo sijapata usiku ambao sikuigusa hesabu ile, hata kwa dakika tano kabla ya kulala.

Katikati yao

Jambo la kwanza nililofanya ni kubonyeza π, ile namba ambayo 22/7 na 3.14 zinaikadiria, kwenye kikokotoo na kuzidisha kwa 28. Ikaja 87.9646.

Kumbe si 88 na wala si 87.92. Jibu limekaa katikati yao.

Nilikuwa naamini, na nadhani wengi tuliamini, kwamba 22/7 ni ya kubahatisha na 3.14 ndiyo ya kitaalamu, kwa sababu ina nukta. Nikapima umbali. 22/7 inaizidi π kwa takriban 0.0013. 3.14 inapungukiwa kwa takriban 0.0016. Ile sehemu ya zamani, isiyo na nukta, ndiyo iliyo karibu zaidi.

Kesho yake nilipita kwa fundi wa mtaani kwetu anayechomelea magrili na stendi za matanki. Alikuwa anakunja pete ya chuma yenye kipenyo cha sm 140. Kwa 22/7 alihitaji ukanda wa sm 440. Mzingo wenyewe ni sm 439.82. Tofauti haifiki milimita mbili, na diski ya kukatia inakula chuma kiasi kama hicho kila inapopita. Kwa fundi, 22/7 imemaliza kazi. Angetumia 3 kamili, kama vipimo vya ile bahari ya kusubu ya Sulemani tunayoisoma katika Wafalme, dhiraa 10 ukingo hata ukingo na uzi wa dhiraa 30 kuizunguka, pete ingepungua sentimita ishirini na isingefunga.

Nilirudi nyumbani nikiwa karibu kuliacha swali. Kama chuma hakilioni kosa, kwa nini mimi nilione?

Lakini mpwa wangu hakuuliza habari ya chuma. Aliuliza jibu lipi ni la kweli, nami nilimwambia jambo lisilo kweli ili tu nimalize mazungumzo. Hilo ndilo lililokuwa likinikereketa.

Neno lililodondoka njiani

Nikaenda kutafuta 22/7 ilikotoka. Ilinichukua jioni mbili kuielewa vizuri kazi ya Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa mji wa Siracusa, aliyekufa mwaka 212 KK.

Alichukua duara. Ndani yake akaweka umbo la pande sita, na nje akaweka umbo jingine la pande sita linaloligusa duara. Mzingo wa duara lazima uwe mrefu kuliko umbo la ndani na mfupi kuliko la nje. Basi duara limeshikwa kati ya kuta mbili. Kisha akaziongeza pande maradufu: 12, 24, 48, hadi 96. Kila anapoziongeza, kuta zinasogeleana.

Na hapo hana desimali. Kila kipeuo cha pili anakikadiria kwa sehemu, na anakikadiria upande ulio salama, ili ukuta wa nje usije ukaingia ndani ya duara wala wa ndani usitoke nje. Nilijaribu kufanya hatua ya 12 tu kwa njia yake, kwa kalamu. Mkono uliniuma.

Mwishoni hakusema π ni 22/7. Alisema π ni zaidi ya 223/71, na ni chini ya 22/7.

Chini ya.

Neno hilo limedondoka mahali fulani kati ya Siracusa na daftari la mpwa wangu. Archimedes alijenga ukuta, sisi tukauita nyumba.

Na tazama hili: 223/71 ni takriban 3.1408. Maana yake 3.14 haimo kati ya kuta zake. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, mtu asiye na nukta wala kikokotoo alikuwa ameshathibitisha kwamba 3.14 ni ndogo mno.

Kabla yake, huku kwetu Afrika, karani Ahmes wa Misri aliandika yapata mwaka 1650 KK kanuni nyingine ya duara: toa sehemu moja ya tisa ya kipenyo, kilichobaki kizidishe kwa chenyewe, hilo ndilo eneo. Duara lenye kipenyo 9 linakupa 8 mara 8, yaani 64. Eneo lenyewe ni 63.6 na ushei. Ni kanuni nzuri, fupi, ya mtu anayegawa mashamba na ghala. Ila haikuambii imekosea kwa kiasi gani, na nilipoiweka kando ya kuta za Archimedes ndipo nikaanza kuona kitu nilichokuwa nakitafuta.

Ukimya baada ya 113

Kwa wiki nzima nikawa msaka sehemu. Niliandika programu fupi kwenye kompyuta: chukua kila namba ya chini kuanzia 1, mpe namba ya juu inayomfaa zaidi, na uniambie kila unapopata sehemu iliyo karibu na π kuliko zote zilizotangulia.

Ilianza kwa kelele. 3/1, 13/4, 16/5, 19/6, 22/7. Kisha ikatulia kidogo. Kuanzia 57 ikaanza tena, sehemu baada ya sehemu, mpaka 333/106, halafu 355/113.

Halafu kimya.

Nilidhani imekwama. 200, 500, 1,000, hakuna kitu. Nikaisimamisha nikakagua kila mstari. Haikuwa imekwama. Sehemu inayofuata kuishinda 355/113 ni 52163/16604. Kati ya 113 na 16,604 hakuna namba ya chini hata moja inayoleta kitu bora zaidi.

355/113 ni ya Zu Chongzhi, wa China, karne ya 5. Inakumbukika kirahisi: andika 11, 33, 55, kata katikati, nusu ya pili ikae juu. Kwa mfuniko wetu inakupa 87.9646018, na mzingo wenyewe ni 87.9645943. Kosa ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hakuna uzi wala rula dukani inayoweza kuliona.

Nilifurahi, lazima niseme. Kwa siku mbili nilihisi nimepata jibu la kumpelekea mtoto. Siku ya tatu nikagundua nilichonacho ni sehemu ya tatu ya kumwambia "tumia hii." Ningekuwa nimempa 22/7 nyingine, tu iliyovaa vizuri.

Hatua kumi

Kuna kanuni nyingine ambayo wengi wetu tuliipitia haraka tulipofika juu, inaitwa kwa jina la Mjerumani Leibniz. Chukua 4. Toa 4/3. Ongeza 4/5. Toa 4/7. Endelea na namba witiri, ukipokezana kutoa na kuongeza, bila mwisho. Ukifika kusikofikika, unapata π.

Ni kanuni nzuri kuliko zote ninazozijua kwa macho. Hakuna pande 96, hakuna vipeuo. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuianza.

Nikaifanya kwa kalamu, hatua kumi, mpaka 4/19. Nikapata 3.0418.

Baada ya kugawanya mara tisa, nilikuwa mbali na π kuliko yule anayekariri 3.1. Nikafungua Excel nikaisukuma hadi hatua 100: 3.1316. Kanuni ilikuwa inatambaa. Nikaisukuma hadi hatua 1,000, nikaenda kuchukua chai, nikarudi nikiwa nimeshaamua kuiacha.

Tarakimu tatu

Kwenye skrini palikuwa na namba hii:

3.14059265383979

Nikaitazama kwa kuudhika. Hatua elfu moja na bado tarakimu ya tatu baada ya nukta imekosewa.

Halafu nikaandika π chini yake:

3.14159265358979

Nikaacha chai.

Zisome taratibu. Tarakimu ya tatu ni 0 badala ya 1. Kisha 592653, zote sahihi. Kisha 83 badala ya 58. Kisha 979, sahihi tena. Katika tarakimu kumi na nne baada ya nukta, zilizopishana ni tatu tu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimeharibu fomula. Namba iliyokosewa mwanzoni inapaswa kuwa imekosewa mpaka mwisho. Hivyo ndivyo nilivyodhani makosa yanavyokwenda. Nikafuta nikaandika upya. Ikarudi ile ile. Nikajaribu hatua 100 na kutazama tarakimu zote: 3.13159290355855. Tena, ya pili imekosewa, halafu zinazofuata ni 1592, kama zinavyotakiwa.

Nilikaa na hilo siku nne. Jibu, lilipokuja, lilikuwa dogo kiasi cha kunifanya nisimame. Toa namba ya juu kwenye namba ya chini: tofauti ni 0.001, kasoro kitu kidogo sana. Hatua 1,000, kosa ni 1/1,000. Hatua 100, kosa ni 1/100. Hatua kumi?

Nilirudi kwenye karatasi ya kalamu. 3.0418, ongeza 1/10. 3.1418.

Sababu yake unaweza kuiona bila hesabu ngumu. Kanuni hii inaruka π huku na huku kama mtoto kwenye bembea: ukitoa unashuka chini yake, ukiongeza unapanda juu yake. Kila mara π iko takriban katikati ya ulipo na unapoelekea kutua. Basi umbali uliobaki ni takriban nusu ya hatua inayofuata. Hatua inayofuata baada ya ya elfu ni 4/2001. Nusu yake ni karibu sana na 1/1,000.

Kosa lilikuwa na umbo. Na kosa lenye umbo unaweza kulilipa.

Ng'ambo ya bahari

Nilidhani nimeokota kitu kipya. Nikagundua kilishaokotwa zamani, ng'ambo ya bahari hii hii yetu, Kerala, kusini mwa India.

Madhava wa Sangamagrama aliishi huko yapata kati ya miaka 1340 na 1425. Maandishi yake mengi yamepotea. Wanafunzi wa wanafunzi wake ndio waliomtaja. Mfululizo tunaouita wa Leibniz, wao walikuwa nao zaidi ya miaka mia mbili kabla yake. Na hawakuishia kwenye mfululizo. Walijua unatambaa, wakatafuta cha kuongeza mwishoni, wakapata masahihisho matatu, kila moja likiwa kali kuliko lililotangulia.

Kwa hatua zangu kumi, la kwanza ndilo lile la 1/10. La pili ni 40/401. La tatu ni 404/4050.

Nikayafanya moja baada ya jingine kwenye karatasi ile ile, juu ya 3.0418396189. La kwanza lilinipa 3.14184. La pili, 3.1415902. La tatu, 3.1415927.

Hatua kumi za kalamu na sehemu moja, na ukikadiria hadi tarakimu saba baada ya nukta hukosei hata moja. Kwa mfululizo mtupu, ili kufika hapo, ungehitaji mamilioni ya hatua.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipopata rubani Malindi wa kumvusha hadi Calicut, pwani ya Kerala, elimu hii ilikuwa tayari iko pale. Yapata mwaka 1530 Jyeshthadeva aliandika kitabu kiitwacho Yuktibhasha, kinachoeleza kwa nini mfululizo huu ni kweli, hatua kwa hatua. Hakukiandika kwa Kisanskriti, lugha ya wanazuoni. Alikiandika kwa Kimalayalamu, lugha ya nyumbani na sokoni.

Hapo nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Nimefundishwa hesabu kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu mlango ukafungwa na nikaanza upya kwa lugha nyingine. Maneno ya kipenyo na mzingo yalibaki upande ule, uthibitisho ukawa upande huu. Sikuwahi kukutana na uthibitisho hata mmoja kwa lugha ambayo naotea ndoto. Jyeshthadeva aliona watu wake wanastahili kujua kwa nini, na wajue kwa maneno yao.

Tarakimu 707

Katikati ya usiku huo wote nilikutana na Mwingereza William Shanks. Alitumia kanuni ya John Machin ya mwaka 1706, yenye kasi kubwa, na mwaka 1873 akachapisha tarakimu 707 za π alizozifanya kwa mkono. Ilikuwa kazi ya miaka mingi. Alikufa mwaka 1882.

Katika miaka ya 1940, D. F. Ferguson alirudia hesabu na akakuta tarakimu ya 528 imekosewa, na kuanzia hapo zilizofuata haziaminiki tena.

Sina neno baya kwa Shanks. Ninamwonea huruma ya kweli, maana najua sasa ugumu wa kugawanya mara tisa, sembuse alivyofanya yeye. Lakini namweka kando ya Archimedes na siwezi kuacha kuwalinganisha. Mmoja alikuwa na tarakimu mia saba na hakujua wapi zinaacha kuwa kweli. Mwingine alikuwa na mbili tu baada ya nukta, na alijua mpaka wa kila upande.

Kama ni kuchagua, nitamwamini huyo wa mbili.

Najua leo watu wamefikisha matrilioni ya tarakimu, kwa kanuni zilizotokana na kazi ya Mhindi Ramanujan ya mwaka 1914, ambazo kila hatua moja inaleta tarakimu nane au zaidi. Najua pia kwamba wanaoongoza vyombo vya NASA kati ya sayari wanatumia 3.141592653589793 na zinawatosha. Wanaijua safari yao, wanajua kosa la kiasi gani wanaweza kulibeba.

Hatua ya kumi na moja

Jumapili iliyopita nilimwita mpwa wangu. Nikamwambia kwanza kwamba nilimjibu vibaya siku ile. Majibu yote mawili si kamili, na hakuna sehemu yoyote itakayompa jibu kamili. Mwanahisabati Lambert alilithibitisha hilo mwaka 1761. Anachoweza kuandika bila kusema uongo ni kwamba mzingo wa mfuniko ni zaidi ya sm 87.94 na chini ya sm 88. Kwenye mtihani aandike 88 kama swali linavyotaka, lakini ajue ameandika ukuta.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo uzi wangu haukukosea."

Haukukosea.

Kisha nikamwonyesha mfululizo. Tuligawanya kwa zamu, yeye 4/3, mimi 4/5, mpaka tukafika 4/19 na 3.0418. Nikamwambia aongeze moja ya kumi, akapata 3.1418, akanitazama. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, chakula kilikuwa tayari.

"Tukienda ya kumi na moja?"

Akagawanya mwenyewe 4 kwa 21, akaongeza. 3.2323. "Imeruka juu," akasema. Bila kuambiwa akabadilisha alama: mara hii akatoa, tena akatoa moja ya kumi na moja. 3.1414.

Akaandika 3.1418, akaacha mistari miwili mitupu, akaandika 3.1414 chini yake. Akaweka ncha ya kalamu kwenye nafasi aliyoiacha.

"Iko hapa, mjomba."